Matanga ya Mtu Anayekula Lituma

Kitabu cha kwanza walinisifu. Cha pili waliniuliza cha tatu kinatoka lini, tena kwa ukali, kama vile nilikuwa nimewafichia sukari. Cha tatu kilipotoka, wa kwanza kunikorofisha alikuwa mwendesha toleka, yule anayenibeba kila asubuhi kwa baiskeli yake mpaka kwenye duka la dawa ninakouza. Alisimama katikati ya njia, akageuka, akanitazama.

"Mama, shuka."

"Nishuke wapi? Hatujafika!"

"Ulimuua Papa wa Vikapu. Shuka, utembee kwa miguu, ufikiri kidogo."

Nilishuka. Nilitembea nikiwa na hasira mpaka masikio yanawaka, na viatu vyangu siku hiyo havikuwa vya kutembelea.

Kwa asiyevisoma: ni vitabu vitatu juu ya ufalme ulio chini ya maporomoko yetu. Mfalme wa huko anaiba vivuli vya watu, na mamba wake wanatoza kodi wakiwa wamevaa kofia. Anayemsumbua ni mzee mmoja tu, mvuvi mkorofi, mpenda pilipili, ambaye vikapu vyake vya kutegea samaki vinanasa vivuli vilivyoibwa na kuvirudisha kwa wenyewe. Huyo ndiye Papa wa Vikapu. Katika sura ya mwisho anashikilia mti wa mtego ili watu wote wapite, mti unakatika, maji yanamchukua, na mfalme anashindwa. Mimi niliona ni mwisho mzuri sana. Nililia nikiuandika, nikajipangusa machozi, nikaenda kupika wali.

Kisangani haikuona hivyo.

Ubaya wa kuuza dawa ni kwamba huwezi kukimbia. Mtu anakuja, anaegemea meza, na lazima umhudumie. Katekista alikuja kutafuta dawa ya malaria, akataka kwanza nimweleze kwa nini sikumletea yule mzee padri kabla ya maji kumchukua. Jirani yangu mshona nguo, Mwislamu wa familia za zamani za mji huu, yeye alikasirikia maiti: iweje nimwache marehemu majini bila kuoshwa wala kuzikwa? Mama mmoja mjamzito akaniambia uchungu ukimshika kabla ya wakati, mtoto atapewa jina langu, na haitakuwa kwa wema.

Mama muuza makayabu, samaki wa chumvi, ndiye aliyenimaliza kabisa. Alikuwa amechana kurasa za mwisho za nakala yake, akafungia samaki, na kitabu kilichobaki alikuwa anawaazima wenzake sokoni.

"Sasa kinaisha muzuri," akasema.

"Aka! Kinaishia katikati ya sentensi!"

"Hata vile. Mutu iko muzima."

Niliwaambia wote kwamba yule ni mtu wa karatasi. Hakuna aliyenisikiliza. Basi wanawake wa soko wakaamua kumwekea matanga, kama marehemu mwingine yeyote aliyependwa na wengi. Jumamosi mchana wakafunga turubai nyuma ya meza za samaki, wakaazima viti vya plastiki parokiani, wakachemsha kahawa, wakajifunga vitambaa kichwani. Walianza kwa mzaha, nasema kweli. Lakini watu wetu wakishapewa kahawa na wimbo, mzaha haukai. Wimbo wa pili ulipofika kila mmoja alikuwa analia wafu wake mwenyewe. Mimi walinikalisha mbele, maana nilikuwa mfiwa na muuaji kwa pamoja, na hawakujua kiti kingine cha kunipa.

Hapo ndipo kosa lilipotokea. Mji mzima unajua kwamba Papa wa Vikapu ni papa yangu, baba mzazi. Nilichukua pilipili yake, nikachukua kuchechemea kwake, nikachukua na ile "bon" anayoitanguliza kila anapotaka kukataa jambo. Yeye mwenyewe aliitangaza habari hiyo Lubunga yote, ng'ambo ya mto anakoishi, kama aliyechaguliwa kuwa gavana. Sasa mtu anapita sokoni, anaona turubai, anauliza nani amekufa. Anaambiwa: Papa wa Vikapu. Anaona mimi nimekaa mbele nalia. Haulizi tena. Anapanda mtumbwi, anavuka, na akifika Lubunga habari imeshakuwa kwamba papa wa yule mama wa dawa hatunaye.

Na kwetu msiba hauhakikishwi kwa simu. Nani atapiga simu kuuliza kama mtu amekufa kweli? Unabeba ulicho nacho, unakwenda, na unaanza kulia ukiwa bado njiani ili wenye nyumba wakusikie unakuja.

Yaliyofuata nilisimuliwa na tonton, jirani wa papa, mstaafu wa reli. Wa kwanza kufika walikuwa binamu zake papa, wanawake watatu wenye kuni na mfuko wa muhogo, mikono kichwani, kilio juu. Wakamkuta marehemu barazani, anakula lituma, ndizi zake za kupondwa, kwa samaki. Yule wa mbele alikuwa ameshavuta pumzi ya kilio, hakuweza kuirudisha, ikabidi akimalize.

Papa akauliza, "Nani alikufa?"

Wakatazamana. Mmoja akajikaza. "Ni weye."

Papa akamaliza tonge, akanawa mikono. "Bon," akasema. "Basi muikale."

Wallahi, mzee yule alikula matanga yake mwenyewe! Aliwaacha wawashe moto. Aliwaacha wachemshe kahawa. Kila aliyeingia alimwuliza alikuwa amepanga kusema nini juu yake, na aliyesema kifupi akarudishwa aanze upya. Ua ukajaa. Papa hakuwa na furaha kama hiyo tangu mama yangu alipofariki. Halafu mtu mmoja, mdomo hauna breki, akajaribu kueleza kosa limetoka wapi: ni kwenye kitabu, papa, binti yako ndiye aliyekuua, sura ya mwisho.

Papa akageuka polepole kumtazama tonton.

Hapa lazima niseme jambo. Macho ya papa yana ukungu, hasomi tena, na tonton ndiye humsomea kila alasiri. Kitabu cha kwanza kilipoisha, papa aliniita, akachovya mkono katika maji ya mto, akanilowesha viganja, akanibariki. Cha pili vilevile. Cha tatu alisema atakibariki akishausikia mwisho, na huo mwisho niliuogopa kuliko mamba wote niliowaandika. Kumtamkia mzazi kifo chake, kwetu, ni kama kumlaani. Mzee anaweza kukunyima baraka moja kwa moja, na mimi mzazi niliyebaki naye ni huyo mmoja. Ndiyo maana nilikuwa nimemwomba tonton: sura ya mwisho usiisome, tafadhali, sema kurasa zimelowa.

Tonton hakusema kurasa zimelowa. Tonton aliendelea! Akishika kitabu changu mkononi, akigeuza kurasa kama anasoma, alitunga. Katika kitabu cha tatu cha Lubunga, Papa wa Vikapu alikwenda Yangambi akapanda kahawa, akawashitaki mamba mahakamani, akawashinda, na akaoa mwanamke wa majini mwenye mwanya, na mwisho ulikuwa bado haujafika. Papa alikuwa anawaambia watu kwamba hapo ndipo mimi mtoto wake nilipojua kuandika. Hapo! Kwenye mwanya!

Simu ikaja kwangu sokoni, chini ya turubai. Ilikuwa sauti ya tonton, ndogo sana. "Papa anasema ukuye. Ukuye na kitabu. Ukuye leo."

Nilivuka. Mpiga kasia naye alikuwa amekisoma kitabu, kwa hiyo hakunisemesha, na mimi nikatazama maji nikihesabu maombi. Nyumba yangu na ya papa zinatenganishwa na mto tu, lakini wiki zinapita sijavuka: leo dawa, kesho mvua, keshokutwa sura mpya.

Waombolezaji hawakuwa wameondoka. Waende wapi na kahawa ipo? Papa alikuwa amekaa katikati yao, shati safi, mikono juu ya fimbo.

"Minasikia kama nilikufa," akasema. "Soma."

"Papa, ni hadithi tu."

"Soma na kinywa yako mwenyewe."

Nikasoma. Nilipofika pale mzee anapochukuliwa na maji akiangukia kushoto, papa akainua fimbo.

"Apana. Kushoto iko jiwe. Mutu anaanguka kuume."

Wavuvi wote uani wakakubali kwamba anaanguka kuume. Nikasahihisha kwa kalamu, palepale, kama mtoto wa shule. Nikaendelea: mti, maji, kilio cha mfalme, vivuli kurudi kwa wenyewe. Binamu wa papa wakaanza kulia tena, safari hii kwa haki. Nikamaliza kifo chake, nikangoja laana.

"Bon," akasema papa, nami nikainamisha kichwa, maana najua "bon" hiyo. "Nilikufa muzuri. Sina neno."

Nikapumua. Tonton naye akapumua, nilimsikia. Nikasoma ukurasa wa mazishi, mmoja tu, ambapo watu wa kando zote mbili za mto wanaweka vikapu vyao juu ya maji na kuviachia viende.

"Ukurasa moja?" papa akauliza.

"Ni mrefu, papa."

"Nani alikaa mbele, kwa matanga?"

"Watu wote."

"Batu bote si mutu. Mutoto wake alikuwa wapi?"

Vitabu vitatu, na sikumpa yule mzee mtoto hata mmoja. Nilimpa pilipili, nilimpa mguu mbovu, nilimpa mamba wa kugombana nao. Papa alikuwa amevisikiliza vyote alasiri baada ya alasiri, akingoja, na hakuwahi kuniuliza. Sikujali tena wasomaji wala mwendesha toleka. Nilimwona baba yangu kavaa shati safi katika matanga ambayo mtoto wake hayumo, na iliniuma, iliniuma sana.

"Mtoto wake ndiye alikuwa anaandika, papa," nikasema.

Akafikiri.

"Donc, basi, alikuwa pale."

"Alikuwa pale."

"Na hakuna mutu alimuona." Akagonga fimbo chini. "Bon. Umuandike. Andika alivuka. Andika alikaa mbele." Kisha akageuza macho yake yenye ukungu upande wangu. "Na andika alichelewa, sababu minamujua."

Watu wakacheka, tonton zaidi ya wote, kwa kuwa alikuwa ameponea chupuchupu. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, kalamu inateleza. Nafasi ilibaki chini ya ukurasa, kidogo. Niliandika kwamba binti alikuja kwa mtumbwi, amechelewa, akapita katikati ya watu wote, akakaa mbele. Tonton akachukua kitabu mikononi mwangu akausoma mstari huo kwa sauti, safari hii bila kuongeza hata neno moja.

Papa akaagiza bakuli la maji ya mto. Akachovya mkono.

"Leta viganja," akasema.