Mashine ilimkataa rafiki yangu, nami nikanyamaza

Admin, tafadhali ficha jina langu, maana mtaani kwetu Huruma tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka ishirini, niko mwaka wa kwanza katika chuo kimoja cha kibinafsi. Nasoma kwa ufadhili. Kwa mama yangu, anayefulia watu nguo tangu nikiwa mdogo, mimi ni jibu la maombi yake. Lakini hakuna siku nimekaa darasani nikahisi kile kiti ni changu.

Nina rafiki, nitamwita Atieno. Tumekulia ploti moja ya nyumba za kupanga, tukasoma pamoja mpaka kidato cha nne. Baba yake huchinja mbuzi kwenye soko la Kiamaiko. Tulipoomba ufadhili huo, kila mmoja alitakiwa kuandika insha ya Kiingereza kuhusu maisha yake. Atieno aliandika yake wiki mbili nzima, kwa kalamu, tukiwa tumekaa kwenye ngazi za ploti. Alinisomea kipande baada ya kipande, jinsi baba yake anavyonawa mikono hadi viwikoni kabla ya kumbeba kitinda mimba wao. Akikosea neno anafuta, anaanza upya. Kiingereza chake kimenyooka sana, kile cha kufundishwa na mwalimu mkali.

Mimi nilijaribu nikashindwa. Kila nikianza naona maisha yangu hayana la kusema. Zikiwa zimebaki siku mbili, nikaiomba programu ya AI kwenye simu iniandikie. Nikaiambia naishi Huruma, mama anafua nguo, baba alituacha. Ikaandika. Nikaiambia iweke makosa kidogo ifanane na mtu kama mimi. Nikaituma. Atieno sikumwambia.

Majibu yalipotoka, mimi nilipita. Atieno aliandikiwa na wafadhili kwamba mashine yao ya kukagua insha imeona yake haikuandikwa na binadamu. Akapewa siku saba za kukata rufaa. Alikuja kwetu na daftari lake mkononi, hata hakuwa analia.

"Wewe ulikuwa hapo," akaniambia. "Waandikie tu useme uliniona nikiandika."

Nikamwambia nitaandika. Alipoondoka nikashika simu, nikawaza, nikijitokeza, si watarudi kuangalia na yangu? Nikaahirisha. Siku ya nne akaniuliza kama nimetuma, nikasema ndiyo. Siku ya saba ikapita. Rufaa yake ikakataliwa, wakasema daftari peke yake halitoshi. Atieno alinishukuru. Alisema angalau mimi nilijaribu.

Siku hizi yuko Kiamaiko na baba yake, anaosha matumbo ya mbuzi. Huku chuoni, wasichana ninaolala nao chumba kimoja hunialika tukale, nasema nimeshiba. Nikienda nyumbani napitia njia ya nyuma nisikutane na Atieno. Mama huniuliza mbona siku hizi hatutembeleani, namdanganya kwamba masomo ni mengi. Ningekuwa na jambo zito kama hili zamani, mtu wa kwanza kumwambia angekuwa Atieno. Sasa sina mwingine, na yeye ndiye siwezi kumwambia.

Wiki iliyopita alinitumia ujumbe wa sauti. Anataka kuomba tena mwaka huu. Alisema amefikiria sana, ameona huenda kweli uandishi wake ndio una shida.

"Nitumie insha yako nisome," alisema. "Nataka kujifunza kuandika kama mtu."

Nimeusikiliza huo ujumbe mpaka nimeukariri. Nikikiri kwa chuo, naweza kufukuzwa, na sijui nitamwangalia mama vipi. Nikinyamaza, Atieno ataendelea kuamini kwamba kasoro ni yake. Anaona nimeusikiliza, na bado sijajibu. Nyinyi mliowahi kumkosea mtu ambaye bado anawaamini, niambieni, nimjibu nini?