Bata Mzinga Aliyetangulia

Mwandiko wangu umelala upande kama mahindi yaliyopitiwa na ndovu, na najua yako maneno ambayo nimeyaandika vibaya. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu nimeishika mara chache sana. Mnisamehe. Nikizungumza nakwama zaidi kuliko nikiandika, ndiyo maana nimechagua karatasi hii ipite mikononi mwenu.

Hapa Voi tunaishi wawili, mimi na dada yangu mkubwa. Yeye ni karani mjini. Mimi sina kazi ya mshahara. Kazi yangu ni ya nyumba: kufua, kufagia na kupika. Mwanzoni niliona haya, kwa sababu vijana wa rika langu wakinikuta sokoni nachagua nyanya waliniita "mama watoto". Lakini jikoni hakuna anayeniuliza maswali, na mimi ni mtu wa kuogopa maswali.

Daktari alimwambia dada apunguze nyama nyekundu na apime anachokula. Dada akaleta utaratibu. Kila Jumapili tukitoka kanisani napika chakula cha wiki nzima mara moja, nakigawa katika vibakuli vya plastiki vyenye vifuniko, navipanga kwenye friji. Juu ya kila kifuniko dada hubandika kipande cha karatasi ya gundi na kuandika siku, kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa. Kimoja cha kubeba kazini, kimoja changu cha mchana. Hakibaki kitu, na hakipungui kitu. Dada alijivunia jambo hilo. Na mimi nilijivunia, siwezi kusema uongo.

Mtu wa tatu katika habari hii ni bibi. Yeye ndiye mama mzazi wa mama yetu, na ndiye aliyetulea kule Makwasinyi baada ya mama kufariki. Anaishi peke yake. Msimu uliopita ndovu waliingia shambani kwake wakamaliza mahindi na pojo, halafu mmoja akaegemea ukuta wa jiko ukaanguka. Tangu siku hiyo tulikuwa tukimsihi aje akae nasi. Dada alimpigia simu kila mara, na jibu la bibi lilikuwa lile lile: "Nitakuja nione kama kuna mahali pangu." Tulimwambia mahali papo. Chumba changu nilikuwa nimeshakigawa kwa pazia.

Jumamosi moja, gari la Kasigau, lile la abiria linalopita kwa bibi, likatuletea bata mzinga. Alikuwa amefungwa miguu kwa kamba ya katani, shingo imechomoza kwenye kiroba, amekasirika. Dereva alisema tu, "Bibi yenu amesema mpewe."

Sasa hapa niwaeleze, maana bila hili hamtaelewa aibu yangu. Kwa bibi, ndege aliye hai hatumwi hivi hivi. Nilipokuwa mdogo, akitaka kumtembelea dada yake wa kijiji cha pili, alitanguliza jogoo, kisha baada ya siku chache akafuata mwenyewe. Aliyepokea jogoo alimfunga uani, akamlisha, akangoja. Mwenye ndege akifika ndipo huchinjwa, na kila mtu akapewa kipande chake, firigisi ikiwa ya mwenye ndege. Hilo nililijua kama ninavyolijua jina langu. Lakini siku ile kichwani mwangu mlikuwa na vibakuli tu. Dada alimpima yule ndege kwa macho akasema, "Huyu ni wiki nzima. Nyama yake nyeupe, haina mafuta. Nenda asagwe." Dada naye alilijua lile jambo la jogoo. Hatukukumbushana.

Nilimpeleka kwa mzee mmoja mwenye bucha pale sokoni, ambaye ana mashine ya kusaga. Akamchinja, akanyonyolewa kwa maji moto, akawekwa juu ya gogo.

"Nikukatie vipande vipi?" mzee akauliza.

"Usage," nikasema.

"Nini?"

"Usage yote."

Akaweka kisu chini. "Hata mapaja? Hata kidari?"

Nikaitikia kwa kichwa. Mama mmoja aliyekuwa akingoja nyama yake akacheka. "Mwache, mzee. Labda nyumbani kwao hawana meno."

"Na mgeni akija, kijana, utampa nini?" mzee akasema. "Kijiko?"

Watu wote wakacheka. Nilitazama viatu vyangu mpaka mashine ikanyamaza. Firigisi mzee alikataa kuisaga. Aliifunga kando kwenye karatasi akanitia mkononi. "Hii mpe mwenyewe," akasema. Niliona anapoteza wakati wangu.

Jumapili nikapika. Nyama ya bata mzinga ikisagwa ni kavu, haina mafuta yake. Ukiichezea hugeuka vumbi. Nilitia mafuta ya kutosha, nikakaanga vitunguu vingi mpaka vikashika rangi ya udongo mwekundu wa hapa, nikaongeza tangawizi na kitunguu saumu nilivyotwanga, kisha bizari, kisha pilipili mbuzi pamoja na mbegu zake. Moshi ukachoma macho. Jirani alipiga chafya upande wa pili wa ukuta, akaita, "Wewe! Unapika au unafukuza nyoka?" Nikatia nyama kidogo kidogo, nikiivunja kwa mwiko isishikane mabonge, halafu nyanya na pilipili hoho, nikafunika, nikapunguza moto. Firigisi niliikatakata ndogo kabisa nikaichanganya humo humo, nikaona nimefanya jambo la akili. Mwisho dhania na ndimu.

Nilionja. Nalisema hili kwa aibu, lakini sijawahi kupika chakula kizuri kama kile. Nikapima kwa kikombe, wali upande mmoja, mchicha upande wa pili, nyama katikati. Sufuria niliipangusa kwa kipande cha chapati nikakila nikiwa nimesimama.

Jumatano mchana, dada akiwa kazini, nikasikia, "Hodi wenyewe."

Alikuwa bibi. Amejifunga leso mpya, kikapu mgongoni, na pembeni ya kikapu amekifunga kikombe chake cha bati cha buluu, kile nilichonywea uji utotoni. Nilikitazama kile kikombe. Bibi akienda kutembea hanywi kwa kikombe chake, hunywa kwa cha mwenyeji. Nikajua hakuja kutembea. Amekuja kuona mahali pake.

Hakukaa. Alitembeza macho uani, kwenye kamba ya nguo, kwenye kivuli cha tangi la maji, mahali ambapo ndege angefungwa.

"Yuko wapi?"

Nilitazama mlango wa jiko.

"Mmeshamchinja," akajijibu mwenyewe, akacheka. "Si kitu, mimi ndiye niliyechelewa. Nina njaa, mjukuu wangu. Nipe paja. Mgongo umwekee dada yako, yeye hupenda kunyonya mifupa."

Nilikwenda kufungua friji, naye akanifuata, kwa sababu bibi hawezi kuingia nyumba asione jiko lake. Akavuta kichwa nyuma, kama afanyavyo akisoma Biblia, akasoma vifuniko kimoja kimoja kwa sauti.

"Jumatano. Alhamisi. Alhamisi. Ijumaa. Ijumaa." Kisha akanigeukia. "Yangu ni siku gani?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza akae kiti kipi. Kijana mwenye ulimi angesema, "Zote ni zako, bibi," na mambo yangeishia hapo kwa kicheko. Mimi nilichukua kile cha Jumatano, nikamgeuzia mgongo, nikaanza kubandua ile karatasi kwa ukucha, nikidhani hanioni. Gundi ikang'ang'ania. Ikatoka nusu tu, ikabaki "tano".

"Iache," bibi akasema nyuma yangu. "Usimnyang'anye Jumatano jina lake."

Nikapasha moto, nikamwekea mezani, nikampa kijiko. Hapo ndipo nilipomkumbuka mzee wa bucha.

Bibi alionja, akafumba macho kwa ukali wa pilipili, akatikisa kichwa kwa kupendezwa. "Pilipili umeiweza. Nyama gani hii?"

Nikaanza kupangusa meza iliyokuwa safi.

"Ni yeye?"

"Ni yeye, bibi."

"Na firigisi?"

"Imo humo humo."

Aliinamia kibakuli, akawa anasukuma zile chembe kwa ncha ya kijiko, huku na huku, kama anayechagua mchele. "Basi nitakuwa nimeila," akasema.

Alifika nusu akakisukuma kibakuli upande wangu. "Hiki ni chako. Ungekula nini leo?" Nilikataa, akakaza macho, nikala. Tulikimaliza pamoja, kijiko kimoja, na kila nilipomeza nilitamani pilipili iwe kali zaidi ili machozi yawe na sababu.

Dada aliporudi jioni alipiga vigelegele mlangoni. "Bibi! Mbona hukupiga simu tukajua?"

"Nilituma ndege."

"Ndege alifika, bibi!"

"Alifika? Basi hamkumsikia."

Kicheko cha dada kilikatika. Alinitazama, akatazama friji, akaketi na mkoba wake bado begani. Kisha akanyanyuka bila kuvua viatu, akaenda kununua kuku. Nilimpika kwa vipande vikubwa, na bibi akapewa paja na firigisi. Alikula kidogo. Alituchekesha kwa habari za majirani na za yule ndovu aliyeegemea jiko, akasema hata ndovu alibisha hodi kwanza. Dada alicheka sana, kuliko ilivyohitajika. Bibi akalala nyuma ya pazia.

Asubuhi nilimkuta anafunga kikombe kwenye kikapu.

"Mbuzi hawana mtu," akasema. Na jana yake alikuwa ametuambia mbuzi wako kwa jirani.

Dada alimshika mkono. "Bibi, tulikwambia mahali papo. Ni hapa."

"Nimepaona, mjukuu wangu. Ni pazuri. Ila wiki yenu imejaa."

Akaondoka. Mimi nilimbebea kikapu hadi kwenye gari. Alipopanda alinipapasa kichwa kama zamani. Ningependa angenikemea.

Tangu hapo tumeendelea kupika Jumapili, maana dada lazima ale kwa kipimo chake. Lakini karatasi za siku hatubandiki tena. Hakuna aliyesema tuache. Dada alizinunua, zimekaa kwenye droo. Mvua zimeanza, na mvua zikianza huko kwa bibi, chini ya mlima, ndovu hawako mbali. Nikisikia upepo mkali kwenye mabati nafikiria ule ukuta wa jiko, ambao bado haujajengwa.

Jumamosi iliyopita gari la Kasigau lilisimama tena. Kiroba kile kile, shingo nyingine. Huyu ni mdogo kidogo na ana kelele zaidi. "Bibi yenu amesema mpewe," dereva akasema.

Nimemfunga uani penye kivuli cha tangi. Nampa mahindi na maji, namwondolea kinyesi, na akimwona dada amevaa viatu vya kazini humkimbilia kutaka kuvidonoa. Kila jioni dada huuliza, "Bado?" nami najibu, "Bado." Tukipiga simu bibi huitikia vizuri, huuliza habari za kazi na za mwili, na neno la safari halitaji. Jana dada alisema huenda safari hii bibi anangoja afuatwe. Nafikiri ni kweli. Ametuma ndege wa pili, na mara hii nimemsikia.

Kwa hiyo Jumamosi sitakwenda sokoni, na Jumapili sitapika ya wiki. Nitakwenda Makwasinyi kumleta. Nauli ipo na mtu wa kuwaangalia mbuzi tumempata. Kitu nisicho nacho ni neno la kwanza. Najijua: nitasimama mbele ya mlango wake, atatoka, atanitazama, na ulimi wangu utalala kama ulivyolala siku ile ya friji. Nimejaribu kuandika sentensi ya kumwambia, nikafuta, nikaandika, mpaka karatasi ikatoboka. "Nisamehe" ni dogo. "Zote ni zako" limechelewa.

Nyinyi mnaosoma mna mabibi, na wengine wenu ni mabibi. Niandikieni. Niambieni mjukuu aliyewahi kumpa bibi yake kijiko aanze na neno gani mlangoni. Msijali mwandiko wenu, wangu mmeuona. Ila andikeni upesi kidogo, kwa sababu ndege anakula, na anatazama lango.