Mfuniko wa Tangi na Salamu za Barabara ya Kasulu

Nilikwenda Kasulu kuomba mke. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nilifuata mandhari. Milima tunayo ya kutosha kwetu Lushoto. Miaka ile ya tisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kibondo, na mwalimu mwenzangu Konsolata, binti wa Kasulu, alikuwa ameshanikubali. Aliyebaki ni baba yake, Mzee Ntahondi. Mshenga wangu alipopeleka posa mara ya kwanza, mzee alijibu kwa upole kabisa: "Hao watumishi wa kutoka mbali ni watu wa kupita. Wanaoa, wanahamishwa, binti hatumwoni tena. Aje mwenyewe nimwone." Ikapangwa Jumamosi. Konsolata aliniambia bila kupepesa macho kwamba baba yake akikataa, na yeye atakuwa amekataa.

Asubuhi, Kibondo. Niliazima pikipiki ya mwalimu mkuu. Ilikuwa nzima, isipokuwa mpira wa mfuniko wa tangi ulikuwa umekwisha, na kila ukipita shimoni petroli inakurukia mapajani. Nani aende ukweni ananuka petroli? Dawa ya kuvuja kila mwenye pikipiki Kibondo anaijua: sabuni ya mche. Nilikata kipande, nikakikanda kwa maji mpaka kikalainika, nikaukandika mfuniko pembeni na juu, pasibaki hata ufa. Kisha nikavaa suruali yangu iliyonyooshwa kwa pasi ya mkaa na kujiona bwana harusi tayari.

Mshenga wangu alikuwa Mzee Bukuru, fundi seremala, Mha wa hapo hapo Kibondo. Alipanda nyuma na koti lake jeusi na mwavuli wake mrefu.

"Mwalimu," alisema kabla sijapiga kiki, "huku kwetu mzee akiwa kando ya njia hatumpiti injini inanguruma. Unazima, unashuka, unasalimia."

"Mzee, tukisalimia wote tutafika Jumatatu."

"Ni wewe unayeoa," alijibu.

Niliamua nitasalimia kwa honi. Honi ilikuwa nzuri, na nilidhani wazee wataifurahia.

Kifura. Nilikuwa nimeshawapigia honi wazee wa kutosha pale pikipiki ilipokohoa mara mbili na kuzimika mbele ya mji wa watu, ambapo wazee watatu walikuwa wamekaa kwenye gogo wakimenya mihogo. Mzee Bukuru alishuka kama mtu aliyekuwa akiomba jambo hilo litokee. Akachutama, akapiga makofi taratibu.

"Mwakeye!"

"Twakeye!" wakajibu, nao wakapiga makofi.

Nikachutama na mimi, suruali ya pasi ikilia kwenye magoti. Tukaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mvua, za maharage, na tulipomaliza tukaanza upya na wale tuliokwisha kuwaulizia. Mwishowe nilipiga kiki moja tu, ikawaka.

"Umeona?" Mzee Bukuru alisema mgongoni kwangu. "Hata pikipiki huku Uha inataka salamu."

Mteremko wa kuelekea mto Malagarasi. Hapa ilizimika porini, hapakuwa na mtu wa kusalimia, nikafurahi kwamba sasa nitafanya kazi ya ufundi. Pikipiki isiyowaka huulizwa maswali matatu: una petroli, una moto, una hewa? Nilitikisa tangi, nikasikia petroli inacheza. Tangi nilikuwa nimelijaza mwenyewe, sikuona sababu ya kuharibu sabuni yangu kwa kulifungua. Nikachomoa plagi. Ilikuwa kavu, rangi ya kahawia, hali nzuri ya plagi. Niliirudisha kwenye waya wake, nikaigusisha kwenye chuma cha injini, nikamwambia Mzee Bukuru apige kiki. Cheche ikaruka, ya buluu kabisa. Moto upo. Nikafungua chujio la hewa, nikalikung'uta vumbi jekundu mpaka nikapiga chafya. Nilipofunga kila kitu, kiki ya kwanza ikawaka.

"Lilikuwa vumbi," nilimweleza mshenga wangu kwa sauti ya fundi.

"Aa," alisema.

Mvugwe. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Vumbi nimelitoa, na chini ya kilima kirefu chenye nyumba pande zote ikazimika tena. Nilipiga kiki mpaka mguu ukakosa nguvu, ndipo tukaanza kusukuma. Tulisukuma hatua chache, tukasimama, tukachutama, tukapiga makofi, tukasukuma tena. Haukupatikana upenyo wa kumpita mtu, kwa sababu mtu anayesukuma pikipiki kupanda mlima anaonekana kutoka kila ua. Mama mmoja aliyekuwa na jembe begani akaweka mkono mdomoni.

"Yoo! Kijana amezima pikipiki yake ili atusalimie?"

Mimi nilikuwa nahema, sikuweza kujibu. Mzee Bukuru aliweza, lakini alitabasamu tu.

Wakati huo huo lori la chakula cha wakimbizi likatukuta. Dereva wake, Shabani, tulifahamiana naye Kibondo. Alituchungulia akicheka, na Mzee Bukuru akamweleza jambo kwa Kiha, jambo refu, akionyesha nyumba za mlimani kwa mwavuli. Shabani akapiga honi, akatangulia Kasulu.

Makere. Mchana ulikuwa umepinda tulipozimikiwa tena, mbele ya banda la chai la mama mmoja mwenye asili ya Burundi. Alitupa chai na mihogo ya kuchemsha, akanitazama ninavyoitazama barabara.

"Unakimbia nini, mwanangu?"

"Nakimbilia mke, mama."

"Ewe! Mke hakimbiliwi. Kunywa chai."

Nikanywa, lakini nikiwa na hofu ya kweli. Jua lilikuwa linashuka, na nilijua kule Kasulu kuna mzee anayeangalia njia na kusema moyoni: si niliwaambia?

Kasulu, jioni. Tuliingia uani kwa Mzee Ntahondi tumechelewa, tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, nikiwa nimeshatunga maneno ya kuomba radhi. Sikupewa nafasi ya kuyasema. Ua mzima ulikuwa unacheka, na mzee mwenyewe, mrefu, mwembamba, alinijia mikono miwili mbele.

"Karibu, mwalimu! Shabani amepita hapa. Anasema kuna kijana kutoka Kibondo anasukuma pikipiki kwa mikono ili asiwapite wazee na kelele!"

Nilifungua mdomo. Ncha ya mwavuli wa Mzee Bukuru ikatua juu ya kiatu changu, ikakaa hapo. Nikafunga mdomo. Tukala ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, nikasifiwa mpaka na watoto, na kila sifa ilinikwama kooni pamoja na mwiba. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yangu ilikuwa na malori yanayopita kila siku.

Jumapili asubuhi. Mama yake Konsolata alikuwa ameenda misa ya kwanza. Mzee Ntahondi alinikuta uani nimeikodolea macho pikipiki, akachutama karibu yangu.

"Baba," nilisema, "jana sikusimama kwa heshima. Pikipiki ilikuwa inazimika."

Mzee Bukuru, aliyekuwa ananawa uso, aliendelea kunawa muda mrefu. Mzee Ntahondi hakucheka.

"Inaumwa nini?"

"Sijui, Baba."

"Itibu hapa hapa. Nione."

Swali lilikuwa limebaki moja: petroli ninaisikia tangini, je, inafika kwenye injini? Nikachomoa mpira unaotoka kwenye tangi kwenda kwenye kabureta, nikakinga bakuli, nikafungua koki. Petroli ikamwagika vizuri. Halafu ikapungua. Halafu ikadondoka tone, tone, ikakoma, na tangi bado lina uzito. Hapo nikaitazama sabuni yangu. Niliibandua, nikauzungusha mfuniko, tangi likavuta pumzi: fyuuu! Ua mzima ulisikia. Petroli ikaruka bakulini kama maziwa ya ng'ombe.

Kumbe juu ya mfuniko kuna kitundu kidogo cha kuingizia hewa, na mimi nilikuwa nimekiziba kwa kukandika kwa bidii. Petroli ikitoka na hewa isiingie, tangi linajibana lenyewe, injini inakosa mafuta. Tukisimama kusalimiana kwa urefu ule wa Kiha, hewa ilipata wasaa wa kupenya taratibu kwenye sabuni, na pikipiki ikawa imepona. Chujio nililisingizia bure. Nilikizibua kitundu kwa sindano, nikakata pete ya mpira kutoka tyubu kuukuu, nikaiweka chini ya mfuniko, na kuvuja kukaisha bila sabuni.

"Kwa hiyo," Mzee Ntahondi alisema akisimama, "aliyetusalimia jana ni pikipiki."

"Ndiyo, Baba."

"Sasa imepona. Rudi Kibondo. Mimi nitawauliza watu wa barabarani umerudije."

Akaingia ndani.

Kurudi. Injini iliimba kuliko siku ilipotoka kiwandani. Wingu jeusi lilikuwa linatufuata kutoka Kasulu, kesho yake nina kipindi cha kwanza, na barabara ilikuwa tupu mbele yetu. Mbele ya banda la chai la Makere yule mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna kilichonilazimisha kusimama. Nilizima injini, nikashuka, nikachutama. Mvugwe nilishuka kwenye kila ua tulioupita jana tukisukuma, na mama wa jembe alinicheka kwa furaha. Mvua ilitukuta Malagarasi, ikatupiga mpaka Kifura, na pale kwa wazee wa mihogo Mzee Bukuru mwenyewe alinigusa bega.

"Mwalimu, hawa tuwapungie mkono tu. Mgongo unaniuma."

"Ni wewe Mha," nilimwambia, nikazima.

Yeyote mwenye pikipiki inayokufa baada ya mwendo na kufufuka baada ya mapumziko, afungue mfuniko wa tangi kwanza, asikilize. Hilo nilijifunza. La pili ni kwamba barabara ile niliyodhani inanichelewesha ilikuwa ya watu, nami nilikuwa naipenda, jambo ambalo sikulijua nilipokuwa napiga honi.

Siku chache baadaye, nikiwa darasani, lori la Shabani lilisimama nje ya shule likinguruma. Konsolata, chumba cha pili, aliacha kufundisha. Nilisikia chaki yake imenyamaza. Shabani akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti juu ya injini.

"Mwalimu! Mzee Ntahondi anasema barabara nzima umeisalimia, ila Jumapili uliondoka mama mkwe wako yuko misani, hukumuaga! Anasema urudi, na uje na wazee wako!"

Darasa langu likalipuka kwa vicheko na makofi. Nikatoka nje, nikamwambia Shabani azime lori kwanza, ashuke, tusalimiane.