Nyoka Weupe wa Mume Wangu

Aliyenifukuza nyumbani kwetu Ngokolo ni mume wangu, na aliyemchochea ni mama yake. Nasema wazi, maana wote wako hai na kanisani wanasalimiwa vizuri.

Nilijifungua binti mwenye ualbino. Mama mkwe alifunua kanga, akasema, "Zeruzeru si wa kwetu. Kamuulize mkeo alikompata." Mume wangu hata hakuuliza. Alinitolea vitu vyangu nje.

Nikaenda Katoro, nikawa napikia wachimbaji wali na maharage. Binti alikua machoni pangu, simwachi hata kwenda dukani.

Mume wangu yumo kwenye ngoma ya nyoka, ile ya Bayeye. Mzungu mmoja wa mgodini alipoondoka alimwachia nyoka wawili wa kufugwa, wanaitwa nyoka wa mahindi, wekundu wenye mabaka yaliyozungushiwa weusi. Jike akataga, na baadhi ya watoto wakatoka bila weusi kabisa, wamepauka, macho mekundu. Akaja nao Katoro siku ya mnada.

Nilisimama nyuma ya watu. Mlevi mmoja akapaza sauti, "Mzee, jike wako kachepuka!"

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka. "Kachepukia wapi, na sanduku nalifunga mimi? Weupe huu baba anao ndani, mama anao ndani, hauonekani. Wakikutana, unaweza kutoka kwa mtoto."

"Basi hao weupe wote majike!"

"Wewe nawe! Tazama mikia. Huyu mkia wake mrefu, mnene hapa mwanzo, ni dume. Yule wake umechongoka mapema, jike. Rangi haichagui."

Mzungu alimfundisha, naye akaelewa vizuri kabisa. Kwa nyoka.

Kesho yake alikuja shemeji, mdogo wake.

"Mwangaluka, shemeji. Kaka anamtaka mtoto."

"Amemkubali?"

"Anataka acheze na wale nyoka weupe. Weupe kwa weupe, shemeji, watu watajaa!"

"Na ubini wa baba yake, atampa?"

Akakuna shingo. "Hayo ya ubini, mama bado hataki."

"Basi mwambie nyoka wanamtosha."

Aliomba wali, nikampakulia, akala akaondoka. Binti alikuwa ndani anachambua maharage. Akauliza, "Mama, yule nani?"

"Mteja," nikamwambia.