Ukuta wa Malaba Kabla ya Rangi Mpya

Mke wangu husema napenda kuta kuliko watu, na hayuko mbali na ukweli. Nimezunguka Busia na Malaba na kamera yangu nikipiga picha za michoro ya ukutani, na kila mara huwaomba watu wasogee kando. Wengine husogea huku wakininung'unikia.

Mchoro mmoja pale Malaba ulikuwa wa kijana wa bodaboda aliyefariki ajalini. Wenzake walichanga, wakamleta msanii, akamchora kwenye ukuta ulio karibu na steji yao, helmeti mkononi, anacheka. Mama yake huuza chai hatua chache kutoka hapo. Namba yangu nilimwachia siku nilipopiga picha pale. Asubuhi moja alinipigia simu: mwenye jengo ameleta mafundi wa rangi, ukuta wote utakuwa mweupe. Je, nilikuwa na picha ya mwanawe? Nikamjibu kwa majivuno kwamba ninayo. Nilipoitafuta, nikakuta siku ile nilivutiwa na tai mkubwa aliyechorwa kando, na kijana wa watu nilimkatia begani, nusu yake haimo kwenye picha. Niliona haya. Nikachukua boda mbio mpaka Malaba.

Mafundi walikuwa wanakunywa chai. Mama alikuwa amewamiminia kikombe cha tatu, cha bure, ili wasishike brashi. Lakini sasa lori lilikuwa limeziba mchoro, likisubiri kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda. Foleni ile ina sheria yake: ukitoka, aliye nyuma anaingia, nawe unarudi mkiani. Dereva, mzee mwenye mvi, alikuwa humo tangu jana yake. Nikamweleza shida yetu. Alimtazama mama, akashika usukani, akaitazama foleni iliyo mbele yake. Sikumlaumu. Dereva wa lori la nyuma, Mganda, ndiye aliyetoa kichwa dirishani, akamwita mzee "bwana" kwa Kiganda.

"Toka tu, ssebo. Mimi hapo siingii."

Mzee akalitoa lori pembeni. Nafasi ikabaki wazi, na katika foleni nzima hakuna aliyeingia wala aliyepiga honi. Mimi ni mtu wa kulalamika, hilo nalikubali, lakini madereva wale nitawashukuru mpaka siku ya kufa kwangu.

Nikainua kamera. Mama alikuwa amesimama pale pale ukutani, na mazoea yana taabu, mdomo ulishaanza kufunguka nimwombe asogee. Akaniwahi.

"Nipige na yeye," alisema. "Tangu nimzae, hatujawahi kupigwa picha pamoja."

Alifuta mikono kwenye leso, akakikaza kitambaa cha kichwani, akasimama wima ubavuni mwa mwanawe. Nilipiga mara tisa, kwa sababu machozi hayakuniruhusu kuona kama hata moja imetoka sawa.