Taa za Indiketa kwa Bi Germana

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hata ya chai, Qamara yuko juu ya stuli uani kwake mjini Karatu, akifunga waya wa Land Rover kwenye mti wa msonobari. Chini kuna betri ya lori, imefunikwa gunia kwa sababu ya umande. Desemba hii ya 1983 kila fundi analia hana vipuri. Yeye vyake anavitundika mtini.

"Watu wananiuliza kama akili ziko sawa," anasema huku akicheka. "Nawaambia ziko sawa, ila zina kazi."

Qamara, mwenye umri wa miaka 34, ni fundi rewaya. Anatengeneza umeme wa magari. Nyumbani kwake hakuna umeme. Taa hizi nane ni za indiketa, amezivua kwenye magari mabovu pamoja na vifuniko vyake vyekundu na vya njano.

Mwenye taa ameketi mlangoni, amejifunga shuka mbili. Ni mama yake, Bi Germana, mwenye ugonjwa wa mtoto wa jicho. Tangu Pasaka hatambui tena nyuso za watu. Siku moja, alipompelekea mwanawe chakula gereji, aligeukia indiketa iliyokuwa ikiwaka na kuzima.

"Taa iliyotulia haioni," anasema Qamara. "Inayopepesa anaigeukia. Nikasema Krismasi hii lazima aione, maana ya mwakani sina hakika nayo."

Kuanza kulimtoa jasho. Ili asimalize betri, alichagua vitaa vidogo vya dashibodi, akaviunga na flasha, kile kikopo kinachofanya indiketa ipepese. Vikawaka, vikatulia tuli. Siku mbili alifungua na kufunga viungo vya waya, mpaka mkewe, Marsela, akawa anamsemesha wakati wa kula tu.

Ndipo Senteu, dereva kutoka kijiji cha Nainokanoka, alipofika gereji akilalamika kwamba indiketa yake haipepesi. Bila kuinua kichwa, Qamara akamwambia balbu moja imeungua, na flasha isipopata mzigo wa kutosha, yaani balbu za kuvuta umeme mwingi, haifanyi kazi.

"Nikajisikia mwenyewe nikisema," anakumbuka. "Maneno hayo nayasema kila wiki. Kumbe nyumbani flasha yangu haina mzigo."

Sasa ameweka balbu kubwa na flasha mbili za lori, moja ya nyekundu za kushoto, nyingine ya njano za kulia. Anashuka, anagusisha waya kwenye betri. Taa zinaanza kupepesa.

Bi Germana amegeuza uso kuelekea mtini. Marsela anamshika bega kumuuliza kama anaona kitu.

"Za kushoto zinachelewa," anasema mama. "Zirekebishe, baba."

Qamara anainama, anajifanya anatafuta bisibisi. Anafuta macho kwa mkono wenye grisi, na uso wote unachafuka.

Padri ameziomba taa hizo kwa ajili ya mkesha. Qamara amemwomba asubiri mwakani, kwani anatumaini mama atakuwa amepasuliwa macho.

"Akishapona tutazipeleka kanisani, watu wote wafurahi," anasema. "Kwa sasa ni za mtu mmoja."