Kosa Langu Alilobebeshwa Kombo

Siku niliyomponza Kombo naikumbuka vizuri, mwanangu, na leo umenirudisha huko ulipokuja na karatasi ya daktari mkononi. Umeniuliza kama umwambie mkuu wako wa ofisi ya mizigo kwamba una ADHD, hali hii ya akili kutotulia pahali pamoja, au unyamaze usije ukapoteza kazi uliyoihangaikia miaka miwili. Kaa nikusimulie. Na nikipotea njiani nirudishe, maana hali hiyo najua umeirithi kwa nani.

Enzi zetu haikuwa na jina. Tuliitwa wazembe, basi. Mpaka leo mamako akinituma dania Marikiti, narudi na habari za mtaa mzima na dania sina.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa kanzu katika duka la Ami Athmani, Mji wa Kale. Mimi nilipima, na Kombo, mtu mzima mwenye watoto watatu, alikata. Duka lilitazama njia, nawe unajua watu wetu wanavyoamkuana: hapiti mtu akakuacha. Utaulizwa wa nyumbani mmoja mmoja, nawe huna budi ujibu na uulize wake. Wengine walijibu huku mikono ikiendelea. Mimi nikijibu, kipimo kimeshaniruka.

Siku hiyo nilikuwa nampima bwana harusi. Akapita mzee mmoja, tukaamkuana mpaka tukamaliza ukoo. Niliporudi kwenye daftari sikukumbuka urefu. Niliona haya kumpima mtu mara ya pili, nikaandika nilichodhani.

Kombo alikata kwa kipimo hicho. Kifua cha kanzu kikadariziwa kwa mkono wiki tatu. Asubuhi ya akdi bwana harusi akaivaa, ikamwishia chini kidogo ya magoti. Babake alikuja juu sana. Ami Athmani akauliza ni nani aliyekosea, nami, Mungu anisamehe, nikasema nilimpa Kombo kipimo sawa. Ule ukurasa wa daftari nilikuwa nimeshauchana. Kombo aliambiwa asirudi. Alichukua mkasi wake, akaniaga kwa adabu, akaenda.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, nilimfuata Ami barazani kwake nikamweleza yote: kosa, uongo, na hii akili yangu inayotoroka nikisemeshwa. Nilikuwa tayari kufukuzwa.

"Kombo utakwenda kumwita weye mwenyewe, umuombe radhi mbele yangu," alisema Ami. "Na hilo la kitwa chako, kwani hukunambia zamani? Ningalikuweka chumba cha ndani tangu siku ya kwanza."

Kombo alirudi. Nikahamishiwa chumba cha ndani, nikawa napima na kutaja kwa sauti, naye anaandika palepale. Salamu za njiani akazijibu Ami mwenyewe kwa niaba ya duka zima. Nilifanya kazi pale miaka kumi na minane, na sijapata kuomba dua nikawasahau watu wale wawili. Ila kwa furaha nikapitiliza, nikamsimulia na jirani muuza kofia. Miezi mizima akawa ananiamkua mara tatu tatu kusudi, apate kucheka. Huyo sikuwa na haja ya kumwambia.

Basi mwanangu, habari zako ni zako, hakuna wa kukulazimisha. Mtazame kwanza mkuu wako: akielezwa shida husikiliza, au hucheka? Ukimwona msikivu, mwendee faragha. Usimpe jina la daktari peke yake, mwambie na unachohitaji, kama ni maagizo ya kuandikwa au meza iliyo mbali na mlango. Ukimwona si msikivu, nyamaza ujipangie njia zako. Lakini siku utakapoona mwenzako anabebeshwa kosa lako, sema, hata kama kazi itakwenda.

Mungu akujaalie mkuu mwenye subira na wenzako wa kukustahi, kama nilivyojaaliwa mimi nisiyestahili. Na akuepushe na maneno niliyoambiwa na Kombo siku aliponipa mkono wa msamaha: "Kusahau kwako hakukuniudhi, ndugu yangu. Kilichoniuma ni kuwa uliniangalia nikiondoka."